Vifaa vya sigara vya askari: uanze na kisahani cha majivu, laita ya mahandaki, kopo la 1914 au Zippo?

Anayeanza kukusanya vifaa vya sigara vya askari hukutana na makundi matano: kisahani cha majivu kilichokatwa kwenye ganda la mzinga, kifuniko cha shaba cha kuvalishwa kiberiti, laita iliyoundwa kwa mkono, kopo la shaba la Krismasi ya 1914, na Zippo, laita ya Kimarekani. Wauzaji huviita vyote sanaa ya mahandaki, yaani vitu vilivyoundwa kwa mkono kutokana na mabaki ya vita, hasa Vita ya Kwanza ya Dunia (1914–1918). Jina hilo linavifaa vitatu vya kwanza. Kopo na Zippo vilitoka kiwandani vikiwa kamili, na askari aliongeza maandishi yake tu, kama alitaka.

Kwa mnunuzi, swali kubwa ni hili: ushahidi wa kitu umekaa wapi? Kuna vitu ambavyo ushahidi wake umo ndani ya metali yenyewe: unene, muhuri wa kiwanda, lehemu, meno ya gurudumu. Kuna vingine ambavyo ushahidi wote ni maneno yaliyochongwa juu, yaani jina, kikosi, mahali na mwaka. Maneno huchongwa kwa dakika kumi na mtu yeyote mwenye kifaa cha kuchongea. Kuunda upya ganda la mzinga la 1916 ni kazi nyingine kabisa. Ndiyo maana tunavipanga vitu hivi kwa jinsi kila kimoja kinavyoweza kujitetea bila hadithi ya muuzaji.

Vifaa vya kukagulia ni vichache: lenzi ya kukuza mara 10, kalipa (kipimio cha unene) inayosoma hadi sehemu ya kumi ya milimita, sumaku ndogo, mizani ya jikoni inayosoma gramu, na tochi.

Kisahani cha majivu

Hiki ndicho kitu cha kwanza tunachopendekeza. Fundi alikata kitako cha ganda, akaacha ukuta wa sentimita mbili au tatu, akalainisha ukingo kwa tupa, na mara nyingi akakata vijishimo vya kulaza sigara. Wengine walikunja kipande cha ukuta kikawa kofia ya ofisa yenye ukingo wa mbele.

Geuza kisahani usome kitako. Ganda la mzinga wa Kiingereza wa ratili 18 limepigwa muhuri 18 PR, mshale mpana wa mali ya serikali, herufi za kiwanda na tarehe. Ganda zima lilikuwa na urefu wa milimita 295 hivi. La Kifaransa la milimita 75 lina maneno 75 DE C, herufi za karakana, namba ya fungu na mwaka. Lilipokuwa zima lilifika milimita 350, ndiyo maana likapendwa sana na watengeneza vasi, yaani vyombo vya maua. La Kijerumani la milimita 77 hutaja kiwanda, kwa mfano Polte cha Magdeburg au kile cha Karlsruhe, pamoja na mwezi na mwaka. Mihuri hii ilipigwa kwa mashine, kwa hiyo kila herufi ina kina kinacholingana na kingo zake zimesimama. Kisahani kilichomiminwa kwenye kalibu kwa kunakili cha zamani huwa na herufi butu, kana kwamba zimeyeyuka, na ukikiangalia kwa lenzi utaona vitobo vidogo vya hewa.

Ganda moja lilikusanywa, likasafishwa na kujazwa tena, wakati mwingine zaidi ya mara moja, hivyo usishangae kukuta alama za nyakati tofauti. Msingi wa kukumbuka ni huu: mwaka ulio kwenye kitako ni wa kutengenezwa ganda. Sanaa ni ya baadaye, kwa miezi au kwa miaka. Kisahani kilichochongwa "Ypres 1915" juu ya ganda la 1917 hakikuundwa Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Huenda ni kumbukumbu halali ya askari aliyepigana huko akaichonga baadaye, na huenda ni bidhaa ya watalii wa miaka ya 1920 waliokwenda kuona viwanja vya vita vya Ubelgiji na Ufaransa. Bidhaa hizo nazo ni sehemu ya historia, na wengi huzikusanya kwa moyo mmoja. Shida ni kuzilipia bei ya kitu cha handakini.

Sasa usalama, na hapa hatuna masihara. Katikati ya kitako kuna fataki, ile sehemu iliyopigwa na nyundo ya mzinga ili iwashe baruti. Fataki iliyokwisha kulipuka ina alama ya pigo katikati. Kama uso wake ni laini kabisa, usikipashe moto, usikigonge, usikitoboe. Mwachie muuzaji kitu chake. Ganda ambalo bado lina kichwa cha kombora au fyuzi, yaani kiwashio cha kombora, halinunuliwi na mtu binafsi hata likisemwa ni tupu. Baruti ya miaka mia moja haikusahau kazi yake.

Kifuniko cha kiberiti

Ni kipande cha bati la shaba lililokunjwa kikawa ala wazi pande mbili, boksi la viberiti la kawaida likaingia ndani na upande wa kukwaruzia ukabaki nje. Kilizuia boksi lisipondwe mfukoni, na kikapunguza unyevu. Kwa mnunuzi wa mfuko mdogo ni chaguo zuri kuliko laita: hakina sehemu ya kuharibika, ni chepesi kutumwa kwa posta, na kina uso mpana wa kuchongwa.

Kuna kipimo kimoja ambacho wauzaji wengi hawakijui. Ukuta wa ganda la mzinga haulingani unene. Karibu na kitako ni mnene, na unazidi kuwa mwembamba kuelekea mdomoni. Kifuniko kilichokatwa kwenye ganda kwa urefu wake hubeba tofauti hiyo. Pima kwa kalipa kwenye kona zote nne: zikitofautiana kwa sehemu mbili au tatu za kumi za milimita, hiyo ni dalili njema. Bati la kiwandani husoma sawa kila kona. Kipimo hiki hakimhukumu mtu peke yake, kwa sababu fundi aliweza kukata ukanda wa kuzunguka ganda, na kuna vifuniko halali vya wakati wa vita vilivyopigwa kiwandani. Kikiambatana na alama za nyundo upande wa ndani, kina uzito.

Alama hizo zinatokana na kazi yenyewe. Shaba ya ganda ni mchanganyiko wa takriban sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki, na huzidi kuwa ngumu kila ikigongwa. Fundi aliipasha moto mpaka ikaanza kuwa nyekundu iliyofifia, akaiacha ipoe, akaigonga inyooke, kisha akarudia. Aliyefanya haraka aliacha mpindo mdogo wa duara la ganda. Laza rula juu ya uso wa kifuniko, umulike tochi kwa nyuma: mwanga ukipita katikati au pembeni, mpindo huo bado upo.

Mkunjo wa kona nao unasema. Shaba iliyolainishwa vizuri hukunjika bila ufa. Ukiona nyufa nyembamba nje ya kona zilizojaa weusi wa zamani, ni kazi ya mtu aliyekosa moto wa kutosha, na hakuna mwigaji anayejisumbua kuiga kosa hilo.

Laita ya petroli dhidi ya laita ya kamba

Hapa ndipo mkusanyaji hunogewa, na ndipo wengi hupoteza pesa.

Laita zote mbili zinategemea kitu kimoja: jiwe la kiberiti la kutengenezwa, mchanganyiko wa chuma na seriamu ambao Carl Auer von Welsbach wa Austria aliuwekea hataza mwaka 1903. Ukiukwaruza kwa gurudumu lenye meno, unatoa cheche. Kabla ya hapo hakukuwa na laita ndogo ya mfukoni ya namna hii. Vita ilipoanza 1914 mawe hayo yalikwisha kuuzwa madukani, na fundi aliyekuwa handakini alihitaji jiwe, gurudumu na springi tu. Mengine aliyaunda kwa mabaki.

Laita ya kamba ni mrija wa shaba uliopitishwa kamba ya pamba iliyolowekwa kwenye maji ya shura ikakauka. Cheche inaangukia ncha ya kamba, kamba inashika kaa, askari anapuliza na kuwashia sigara yake. Haina mwale. Upepo unaisaidia badala ya kuizima, na usiku mbele ya adui kaa dogo halionekani kwa mbali kama moto wa kiberiti. Haihitaji mafuta. Ukimaliza, unaivuta kamba irudi ndani ya mrija na kaa linazimika kwa kukosa hewa.

Laita ya petroli ina mwili uliofungwa pande zote kwa lehemu, pamba ndani, utambi, mrija wa jiwe wenye springi na skrubu chini, gurudumu, kifuniko cha kuzimia, na skrubu ya kujazia mafuta. Mwili ulitengenezwa kwa vifungo viwili vya koti vilivyounganishwa, kwa sarafu mbili, kwa kipande cha bizimu ya mkanda wa Kijerumani yenye maneno "Gott mit uns", au kwa bati lililoundwa mfano wa kitabu kidogo. Sarafu ya Kifaransa ya santimu 10 ilipendwa kwa kuwa na kipenyo cha milimita 30, uso wa kutosha kufunika tangi dogo.

Kwa urahisi wa kuhifadhi, laita ya kamba inashinda. Haina mshono wa kuvuja wala tangi la kutu. Kwa uzuri na aina nyingi, ya petroli haina mfano. Kwa hatari ya kudanganywa, ya petroli iko juu sana, maana nakala mpya zimejaa kwenye minada ya mtandaoni zikiwa zimetiwa weusi kwa kemikali.

Ikague hivi. Anza na skrubu. Skrubu yenye mfereji wa msalaba kichwani ni ya hataza ya Henry F. Phillips ya 1936. Ikiwa kwenye laita inayodaiwa ya 1917, basi ama skrubu imebadilishwa ama laita yote si ya umri huo. Kisha sarafu: mwaka wake wowote baada ya 1918 unamaliza mjadala. Kisha mshono: lehemu ya zamani ni ya kijivu iliyofifia, imemwagika kidogo nje ya mstari na kusuguliwa kwa tupa. Gundi ya kisasa ya epoksi inang'aa, na ukibonyeza kwa ncha ya sindano mahali pasipoonekana huacha tundu kama plastiki.

Gurudumu ndilo sehemu tunayoitazama kwa muda mrefu zaidi. Lililokatwa kwa mkono lina meno yasiyolingana: jino moja limelala, la pili limesimama, na mahali mduara ulipofungwa nafasi imebana au imepanuka kwa sababu fundi hakuhesabu tangu mwanzo. Gurudumu la kununuliwa dukani lina meno sawa, nalo ni halali kabisa, kwa kuwa askari walinunua magurudumu. Kinachotia shaka ni meno makali, yasiyolika hata kidogo, kwenye laita ambayo mwili wake umesuguliwa mpaka maandishi yamefifia. Gurudumu na mwili vilizeeka katika mfuko mmoja. Sumaku nayo: gurudumu na springi vinashika, mwili usishike. Mwili ukishika ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba.

Kasoro ya kawaida ni jiwe lililooza. Jiwe la zamani hunyonya unyevu, linavimba, linageuka unga wa kijivu na kuziba mrija kama saruji. Usilisukume kwa msumari, maana utaupanua mrija au kupasua lehemu. Fungua skrubu ya chini, toa springi, dondoshea mafuta mepesi ya kulegeza kutu, uiache siku nzima. Chukua ncha ya kutobolea yenye kipenyo kidogo kuliko mrija, izungushe kwa vidole, si kwa mashine, ukitoa unga kidogo kidogo. Rudia mafuta. Kazi inaweza kula jioni tatu. Springi ikikatika, kata nyingine kutoka laita ya dukani, lakini ihifadhi ya zamani kwenye kijikaratasi pamoja na laita: ni sehemu ya kitu hicho.

Na usiijaze mafuta ili kumwonyesha mgeni. Mshono wa miaka mia moja huvuja ukiwa mkononi, na cheche iko sentimita mbili kutoka hapo.

Kopo la Krismasi ya 1914

Oktoba 1914 ulianzishwa nchini Uingereza mfuko wa michango kwa jina la Princess Mary, binti wa mfalme aliyekuwa na umri wa miaka 17, ili askari na mabaharia wapate zawadi ya Krismasi. Zawadi ni kopo la shaba la karibu sentimita 13 kwa 8, kina karibu 3. Juu ya kifuniko kuna sura yake ndani ya shada, herufi M pande zote mbili, maneno Imperium Britannicum na Christmas 1914, pamoja na majina ya nchi washirika zikiwemo Ubelgiji, Japani, Urusi na Ufaransa. Serbia imeandikwa "Servia", tahajia ya wakati ule.

Mvutaji alipewa aunsi moja ya tumbaku, sigara 20, kiko, laita ya kamba, kadi na picha. Asiyevuta alipata peremende na vifaa vya kuandikia barua. Wauguzi walipewa chokoleti, na askari wa Kihindi walitengewa mafungu yao: Masingasinga walipewa sukari ya mawe na viungo badala ya tumbaku.

Zaidi ya makopo 350,000 yaligawiwa kufikia Krismasi hiyo, na jumla ilipita milioni 2.5 kabla mfuko haujafungwa mwaka 1920. Idadi hii ndiyo inayoamua bei. Kopo tupu lililosuguliwa si adimu hata kidogo, na anayeliuza kama hazina anakuonea. Chenye thamani ni yaliyomo. Pakiti za tumbaku na sigara za karatasi ya manjano yenye herufi M zikiwa hazijafunguliwa huinua bei mara nyingi, na hapo ndipo ukusanyaji wa vipande huanza: kopo kutoka kwa mtu mmoja, pakiti kutoka kwa mwingine, kadi kutoka kwa wa tatu. Tazama kadi. Waliochelewa kupata zawadi walipewa kadi ya kuwatakia mwaka mpya wa ushindi. Kadi hiyo ikiwa pamoja na pakiti kamili za mvutaji wa Krismasi, uliza maswali.

Kuna jambo la metali pia. Shaba ilipungua kwa sababu ya viwanda vya risasi, mfuko ukaagiza nyingine Marekani, na shehena yake kubwa ikazama na meli Lusitania tarehe 7 Mei 1915. Makopo ya baadaye yakatengenezwa kwa metali hafifu iliyopakwa. Kwa hiyo kopo lenye weupe chini ya rangi ya juu si lazima liwe bandia. Linaweza kuwa la mgao wa mwisho.

Likague usoni. Nywele na shavu la binti mfalme ndiyo sehemu iliyoinuka zaidi, na ndiyo inayolika kwanza kwa kusuguliwa. Kama mistari ya nywele bado inahesabika, kopo limetunzwa vizuri. Kama kila kitu ni laini, chini na juu sawasawa, huenda ni nakala iliyochukuliwa kutoka kopo lililolika.

Kopo lenye tumbaku ndani lina adui ambaye watu wa nchi za joto wanamfahamu: fukusi. Ukiona unga mwembamba au vitundu vya duara kwenye karatasi, funga pakiti kwenye mfuko usiopitisha hewa na uiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha uiache irudi kwenye joto la kawaida ndani ya mfuko huohuo kabla ya kufungua, unyevu usije ukatua juu ya karatasi.

Zippo

Kiwanda cha George G. Blaisdell kilichopo Bradford, Pennsylvania, kilianza kuuza laita hizi mwaka 1933. Wakati wa Vita ya Pili shaba ilikwenda vitani, laita zikatengenezwa kwa chuma na kupakwa rangi nyeusi yenye mikunjo kama ngozi. Sumaku inashika kwenye hizo. Chini kuna namba ya hataza 2032695, na baadhi zina kosa la kiwanda, 203695, tarakimu moja ikiwa imerukwa. Kosa hilo ni alama njema. Rangi nyeusi ilibanduka haraka mfukoni, kwa hiyo iliyo kamili kabisa ichunguze kama haikupakwa juzi: rangi mpya huwa imeingia ndani ya herufi za chini na kwenye bawaba.

Zile za Vita ya Vietnam zina msimbo rahisi. Kuanzia 1966 hadi 1973 mwaka uliandikwa kwa vistari vilivyosimama pande mbili za jina. Hesabu vistari vyote, toa kwenye 1974, umepata mwaka: vistari 8 ni 1966, vistari 5 ni 1969, kistari 1 ni 1973. Laita iliyochongwa "Da Nang 66-67" lakini ina vistari vitano chini ilitoka kiwandani miaka miwili baada ya safari inayodaiwa. Toa na kiini cha ndani usome msimbo wake. Kikitofautiana na kasha kwa mwaka mmoja haishangazi; kikitofautiana kwa miaka kumi, viwili hivyo havikuanza maisha pamoja.

Tatizo ni kwamba hata msimbo ukikubali, kasha halali la 1968 linaweza kuchongwa leo. Kinachopandisha bei ni maneno, na maneno ndiyo rahisi kughushi. Chini ya lenzi tazama mikwaruzo: mkwaruzo uliokuja baada ya mchongo unapita juu ya herufi na kuumiza kingo za mfereji wake. Mfereji wa herufi ukikata mkwaruzo, herufi ni changa kuliko mkwaruzo. Mchongo wa leza una sakafu tambarare na mistari sambamba midogo isiyotetereka. Ule wa fundi wa mtaani ulitetemeka kidogo kwenye kona. Hata hivyo tunaiweka Zippo iliyochongwa mwisho kabisa kwa anayeanza. Kama unaipenda, nunua isiyochongwa, ya mwaka unaoutaka, na utalala usingizi.

Shaba ya mizinga iliyogeuka pesa Tabora

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna kipande kimoja kinachostahili kukaa kabati moja na vitu hivi ingawa hakiwashi sigara. Mwaka 1916 Wajerumani, ambao adui alikuwa amewazuia kuifikia bahari, walipiga sarafu katika karakana ya reli ya Tabora: heleri 5 na heleri 20, pamoja na rupia 15 za dhahabu zenye tembo. Za thamani ndogo zilitumia shaba ya maganda ya mizinga na mabaki mengine. Zina herufi T. Heleri 20 zipo za shaba nyekundu na za shaba ya manjano, kingo zake zimepigwa vibaya na maandishi yamehama katikati, kwa sababu zana zilikuwa za kuunda reli. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916. Ni mabaki ya vita yaleyale, yenye ushahidi kwenye metali, na kwa kawaida heleri 20 hupatikana kwa bei ya mtu wa kawaida.

Jambo moja tunalisihi: usichimbe. Salaita karibu na Taveta, ambako Waingereza walishindwa tarehe 12 Februari 1916, na viwanja vingine vya vita ile, bado vina maganda ya risasi ardhini. Ganda likitolewa mahali pake linakuwa takataka ya shaba. Likiachwa, linamwonyesha mtafiti nani alisimama wapi. Na baadhi ya vilivyomo bado vinalipuka.

Hewa ya pwani, braso na mkojo wa farasi

Chagua pia kwa kuangalia unaishi wapi. Mombasa, Tanga au Unguja, chumvi ya hewani huanzisha kutu ya kijani hafifu yenye ungaunga inayokula shaba kwa ndani. Kijani kilichokolea na kushikamana kinaweza kuachwa. Kile cha unga kinachorudi kila ukifuta kinahitaji kutengwa na kukaushwa. Weka vitu kwenye sanduku lenye mpira wa kuziba, pakiti za silika ndani, na kipima unyevu kisichozidi asilimia 40. Mifuko ya plastiki ya PVC haifai, inatoa asidi.

Braso tunajua iko kila nyumba, na ndiyo iliyofuta nyuso za makopo mengi kuliko vita yenyewe. Kila usuguaji hutoa metali. Tena huacha ungaunga mweupe ndani ya herufi, na ungaunga huo kwenye kitu kinachodaiwa kutoguswa ni ushahidi wa kinyume. Tumia kitambaa laini cha pamba, sabuni kidogo isiyo na manukato, maji yaliyochemshwa yakapoa, kausha mara moja, kisha paka nta nyembamba isiyo na rangi.

Amonia ndiyo adui asiyetarajiwa. Katika India ya Waingereza, risasi zilizowekwa karibu na mazizi ya farasi msimu wa mvua zilipasuka zenyewe bila kuguswa, kwa sababu amonia ya mkojo hushambulia shaba iliyobeba mkazo wa kukunjwa. Vasi lililominywa kiunoni na kofia iliyokunjwa ukingo zimebeba mkazo huo mpaka leo. Kisahani kilichokatwa tu hakina mkazo mwingi. Kwa hiyo anayefuga kuku karibu na nyumba, au anayesafisha sakafu kwa dawa yenye amonia, ana sababu nyingine ya kuchukua kisahani na kuliacha vasi.

Nani achukue kipi

Mwenye mfuko mdogo aanze na kisahani chenye kitako kinachosomeka, au kifuniko cha kiberiti kilichopimwa kona nne. Anayependa ufundi na ana subira ya kutoa jiwe lililooza achukue laita ya kamba kwanza, ya petroli baadaye. Anayependa hadithi ya watu na karatasi achukue kopo, lakini alipie yaliyomo baada ya kuyakagua moja moja. Heleri ya Tabora inamfaa yeyote aliye kwetu.

Kabla ya kulipa kitu cha mtandaoni, mwombe muuzaji picha hizi: kitako chote kikiwa kimemulikwa kwa upande, fataki kwa karibu, upande wa ndani, mshono, gurudumu kutoka juu, na herufi moja iliyochongwa ikiwa imekuzwa mpaka ijaze picha. Omba na uzito kwa gramu. Laita isafirishwe bila mafuta na pamba ikiwa imetolewa, kwa kuwa posta na ndege hukataa kinachonuka petroli. Muuzaji akituma picha tano za maandishi na hakuna hata moja ya kitako, endelea na mwingine.